Watani Waliokataa Kuchimba

Hapo zamani za kale, wanangu, ilikuwepo nyika iliyotoka vitani. Sogeeni karibu msikie vizuri. Nyika ilikuwa imetoka vitani, lakini vita vilikuwa bado havijatoka ndani yake.

Wenye pembe walikuwa wamepigana na wenye makucha kwa misimu mingi. Nyumba zilichomwa, visima vilitiwa mizoga, na hapakuwa na ukoo usiokuwa na mkeka wa msiba. Mwisho walichoka, wakaapishana. Bwana Nyati wa wenye pembe akapewa kiti, akawa Mkuu wa Nyika. Bwana Chui wa wenye makucha akawa Makamu wake. Na baraza la wanyama wote likapewa neno moja zito: Mkuu akibainika kuwa amemwaga damu kwa siri, baraza limwondoe kitini.

Katika nyika hiyo aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa majabalini, asiye na mkia. Bi Pimbi alikuwa mjane, na mwanawe alikuwa mmoja tu, jina lake Mwinjuma, kijana mchukuzi wa chumvi. Siku za mwisho za vita, Mwinjuma na wachukuzi wenzake walijitwika mizigo wakaondoka. Hawakurudi. Hakuna aliyesema amewaona wazima, wala hakuna aliyesema ameona maiti zao.

Kwa desturi ya huko, matanga hayaanuliwi mpaka pawe na kaburi. Basi vita vilikwisha, wengine wakaanua matanga yao, wakajenga, wakaoa. Bi Pimbi yeye akabaki msibani. Alilala chini. Hakujipaka mafuta, hakwenda arusini. Waliopita mlangoni kwake walisema, "Pole, bibi," kisha wakakaza mwendo, maana msiba usio na mwisho huwatia watu haya.

Kila alipomaliza kusali alisema, "Ewe Mola, siombi anirudie. Nionyeshe tu alipolala, nimfukie kwa heshima."

Sasa sikieni jambo la ajabu. Mwinjuma, ambaye alipokuwa hai hakuna mkubwa aliyemjua kwa jina, alipokufa akawa mashuhuri barazani. Kila baraza likikaa, Bwana Chui husimama.

"Wachukuzi wa chumvi wako wapi?" husema kwa sauti ya kilio. "Mwinjuma, mtoto wa mjane, yuko wapi? Nyati aliwatosa mtoni pale kivukoni. Mkono wake una damu. Aondoke kitini!"

Bwana Nyati naye hujibu bila kuinuka. "Maiti ziko wapi? Bila maiti hakuna shauri. Na kama wamekufa, waulizwe wenye meno. Mimi nala majani. Katazameni kwenye kile kichuguu anapolala Chui."

Maneno yakawa hayo kila siku. Vijana wenye pembe wakaanza tena kunoa pembe zao majabalini, kwaru, kwaru. Vijana wenye makucha wakanoa makucha kwenye magome ya miti, kwaru, kwaru. Siku ya kura ya kumwondoa Mkuu ikawekwa, na kila mtu alijua kwamba kura ikienda huku au kule, vita vitarudi.

Asubuhi ya siku hiyo, Bi Pimbi alimwita kaka yake, Athumani, akampa panga.

"Nikatie mgomba," alisema. "Shina tu, urefu wa Mwinjuma."

"Mgomba wa nini, dada?"

"Wa kuvika sanda."

Athumani aliliweka panga chini polepole. "Dada, huzuni imekupanda kichwani."

"Imenishuka miguuni. Kichwa changu kizima. Kata."

"Tutamzika nani?"

Bi Pimbi aliketi karibu naye. "Kaka, umesikia Chui anavyomlilia mwanangu barazani. Hapa kwangu amefika lini kunipa pole? Na Nyati, umemsikiliza vizuri? Hasemi hawakufa. Anasema hakuna maiti. Wale wawili wanajua alipolala."

"Kujua ni kujua, na kusema ni kusema. Utawafanya nini wewe? Nyati akipiga chafya tu, sisi tunarushwa hadi mlima wa pili."

"Sitawafanya kitu. Nitatembea nao. Anayejua shimo lilipo hulikwepa hata akiwa anawaza mengine."

"Nao watakubali kutembea na wewe siku ya kura?"

"Watakubali," alisema Bi Pimbi. "Ni watani wangu."

Athumani akaliokota panga akaenda mgombani.

Labda nyinyi wa siku hizi hamjui uzito wa neno hilo. Zamani sana mapimbi walipigana na nyati, wakapatana, wakawa watani. Walipigana na chui pia, wakapatana, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Lakini mtani wako akifiwa, ni wewe unayechimba kaburi. Hakuna mwingine. Uwe mkubwa, uwe mdogo, unaacha ulichoshika unakwenda kuchimba.

Barazani, Bwana Korongo, ambaye hana pembe wala makucha ya kuogopwa na kwa hiyo alifanywa spika, alikuwa ameshainua shingo ili aite kura. Wenye pembe walisimama kuume. Wenye makucha walisimama kushoto. Katikati palikuwa na njia nyembamba, na hapo ndipo lilipopita jeneza, limebebwa na mapimbi, Bi Pimbi akiwa nyuma yake.

"Hodi barazani," alisema.

Bwana Chui alimwona, na kwa kuwa mtani ni mtani, hakuweza kujizuia. "Karibu, bibi usiye na mkia. Leo mkia umeuacha kwa nani?"

"Kwangu usitafute mkia, mtani. Utazame wako. Tangu asubuhi unatikisika kama unanyemelea swala, kumbe unanyemelea kiti."

Wenye pembe waliangua kicheko, kwakwakwa, na Bwana Nyati akacheka kuliko wote.

"Na wewe cheka polepole, Mkuu," Bi Pimbi alimwambia. "Kiti chenyewe kimeshachoka na makalio yako, kinasubiri tu ruhusa ya kuvunjika."

Wenye makucha nao wakacheka. Ilikuwa zamani sana tangu pande zile mbili zicheke mahali pamoja. Bi Pimbi aliwangoja wanyamaze, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Leo namzika Mwinjuma. Nimewafuata watani zangu wachimbe."

Bi Pimbi hakumtazama mwingine ila wale wawili. Bwana Chui aligeuka haraka akamtazama Bwana Nyati. Bwana Nyati aligeuka akamtazama Bwana Chui. Na haukuwa mtazamo wa maadui, wanangu. Ulikuwa wa washirika, kila mmoja akimuuliza mwenzake kwa macho, "Ni wewe uliyesema?"

Bi Pimbi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Umempata wapi?" aliuliza Bwana Nyati.

"Mtani haulizi maiti imetoka wapi, Mkuu. Mtani anauliza jembe liko wapi."

"Kura kwanza," alisema Bwana Chui. "Maziko baadaye. Maiti hana haraka."

"Makamu," alisema Bi Pimbi, "kila siku unamlilia mwanangu hapa mpaka tunaogopa utapofuka. Leo ni siku ya kumzika, nawe unasema kura kwanza?"

Bwana Korongo akashusha shingo. "Desturi ni desturi," alisema. "Jeneza likiingia, kura hutoka. Wakubwa, nendeni mkachimbe."

Basi wakatoka. Mbele walitangulia watani wawili, nyuma yao jeneza, na nyuma ya jeneza vijana wa pande zote mbili, pembe na makucha yao yakiwa tayari, maana hakuna upande uliotaka mkubwa wake aende peke yake.

Walipofika kivukoni, pale Bwana Chui aliposema wachukuzi walitoswa, Bi Pimbi alisimama. "Chimbeni hapa."

Bwana Nyati alitia pembe ardhini, tifu, tifu. Bwana Chui akaparua mchanga. Walichimba bila kusitasita, wakilaumiana kuhusu nani anammwagia nani udongo. Bi Pimbi aliwatazama, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Maji yatamfikia. Tuendelee."

Walipofika kwenye kichuguu, pale Bwana Nyati aliposema watafutwe, alisimama tena. "Chimbeni hapa."

Wakachimba tena. Bwana Chui alikuwa anahema, lakini uso wake haukuwa na hofu.

"Hapana," alisema Bi Pimbi. "Mchwa watamla."

"Mtani," alisema Bwana Chui, "unataka tuichimbe nyika nzima?"

"Miaka yote ya vita mlichimba mahandaki, sikusikia mtu akilalamika kiuno."

Vijana wakacheka chini chini. Lakini Bi Pimbi ndani yake alianza kuishiwa nguvu. Jua lilikuwa kali. Sehemu mbili zilizotajwa barazani zilikuwa uongo mtupu, na nyika ni kubwa, na wachimbaji wakichoka wangerudi kwenye kura yao, na baada ya kura, vita. Alisema moyoni, "Ewe Mola, akili yangu ndogo imefika mwisho wake. Sasa niongoze Wewe."

Kisha akasema kwa sauti, "Basi turudini majabalini. Nitamzika mlangoni kwangu."

Njia ya kwenda majabalini hupita Magadini. Hapo ni mahali peupe, ardhi ya chumvi, ambapo zamani wanyama wote walikuwa wakilamba. Njia yake ni pana na imenyooka. Kando yake ni miiba mitupu. Watani wawili walikuwa mbele, na Bi Pimbi aliinamisha kichwa akaitazama miguu yao, basi.

Walipokaribia Magadini, miguu ya Bwana Nyati ikaacha njia. Miguu ya Bwana Chui ikaacha njia. Hakuna aliyewaambia. Waliingia miibani, miiba ikawakwaruza, chwa, chwa, na Makamu aliyejivunia ngozi yake hakusema lolote.

Bi Pimbi alisimama.

"Watani," aliita. "Njia ni hii. Mbona mnapita miibani?"

"Pana tope," alisema Bwana Nyati.

"Pana siafu," alisema Bwana Chui.

Walisema kwa pamoja, kila mmoja na lake. Vijana waliitazama ardhi. Kilikuwa kiangazi kikuu, na ardhi ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima. Mmoja alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Tope gani, Mkuu?" aliuliza Bi Pimbi. "Hata visima vinatoa vumbi."

"Nilikumbuka masika."

"Na siafu wako wapi, Makamu?"

"Walikuwepo."

"Basi wameondoka. Udongo huu ni mwepesi, na ni karibu na kwangu. Chimbeni hapa."

"Hapa sichimbi," alisema Bwana Nyati.

"Wala mimi," alisema Bwana Chui.

Tangu waapishane, wale wawili hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha. Siku hiyo walikubaliana, na kila mwenye masikio alisikia.

Bwana Korongo alisogea mbele kwa miguu yake mirefu. "Wakubwa, mnaijua desturi. Mtani asiyechimba, naye hatachimbiwa. Siku yenu ikifika mtalala juu ya ardhi."

"Mkuu wa Nyika haamrishwi na pimbi," Bwana Nyati alisema, na pua zake zikatoa vumbi.

"Sikuamrishi, mtani," alisema Bi Pimbi. "Mimi ni mzazi tu, namzika mwanangu."

Akapiga magoti. Akalitaja jina la Mungu, akaanza kuchimba kwa kucha zake mwenyewe, kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa kazi ndogo mno mahali pakubwa mno. Bwana Chui aliinua mguu wake mzito juu yake.

Swala mmoja, askari wa wenye pembe, akatoka mstarini. "Baba yangu alikuwa mchukuzi wa chumvi," alisema, akapiga magoti upande wa pili wa Bi Pimbi. Kisha akatoka mondo, askari wa wenye makucha. "Na kaka yangu," alisema, naye akaanza kuchimba. Bwana Chui aliutazama mguu wake uliokuwa hewani. Aliutazama umati. Akaushusha.

Hawakuchimba sana. Kwanza yalitoka matambara ya magunia ya chumvi. Kisha mifupa, mingi, imelala pamoja kama walivyokuwa wakitembea pamoja. Bi Pimbi aliipapasa kimya kimya mpaka mkono wake ulipofika kwenye taya lenye jino la mbele lililovunjika. Mwinjuma alilivunja utotoni, alipoanguka jabalini akikimbizana na wenzake, na mama yake ndiye aliyemfuta damu.

Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Mwanangu. Kumbe umekuwa karibu na nyumbani hivi."

Wengi waligeuza nyuso.

Bwana Chui ndiye aliyeanza kusema. "Si niliwaambia? Nyati aliwaua."

"Ulituambia kivukoni," alisema Bwana Korongo.

"Muulizeni aliyewarukia," alisema Bwana Nyati. "Pembe haziachi alama za meno."

"Na wewe uulizwe nani alisema wasirudi majumbani kwao. Ni wewe uliyesema, 'Hawa wametuona.'"

"Waliwaona mkifanya nini?" aliuliza Bi Pimbi.

Alipouliza, hakuinua sauti. Lakini lile swali lilikaa katikati yao, na kila mmoja aliyelitazama aliona haliondoki. Mwishowe Bwana Nyati aliinamisha pembe zake.

"Tukilamba chumvi," alisema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na Chui. Tulikuwa tunagawana Magadini. Upande huu wangu, upande ule wake."

"Na vita?"

"Vita vilikuwa vinaendelea."

Wanangu, vijana wale walitazamana. Mwenye pembe alimtazama mwenye makucha, na kila mmoja alimkumbuka ndugu yake aliyezikwa siku hizo hizo, siku ambazo wakubwa walikuwa tayari wamepatana juu ya chumvi na hawakumwambia mtu.

Bwana Korongo hakuwarudisha barazani. Aliita kura pale pale, wote wakiwa wamesimama, maana msibani hakuna viti. "Wanaosema Bwana Nyati aondoke Ukuuni." Wenye makucha waliinua miguu, na wenye pembe nao wakainua. "Wanaosema Bwana Chui aondoke Umakamuni." Ikawa vilevile.

Hapo wengine wakataka kuwaua. Mondo alikuwa ameshakunjua makucha.

"Hapana, mwanangu," alisema Bi Pimbi. "Shauri lao mtalikata kwa utaratibu. Leo wana kazi. Wafu wako juu ya ardhi, na hawa ndio watani."

Basi wakachimba. Kila mchukuzi kaburi lake, mpaka pembe za Bwana Nyati zikachubuka na kucha za Bwana Chui zikawa butu. Walipomaliza kaburi la Mwinjuma, Bwana Nyati alilitazama jeneza, bado limefunikwa.

"Mtani, humo ndani ulimbeba nani?"

Bi Pimbi alifunua sanda. Lilikuwa shina la mgomba.

"Ulitudanganya," alisema Bwana Chui.

"Nilisema namzika Mwinjuma, na nikawaita mchimbe. Kaburi alilochimbiwa si hili?"

Bi Pimbi alilitoa shina kando, akamvika mwanawe sanda ile ile, Athumani akampokea kaburini, na wote wakaitikia dua: wenye pembe, wenye makucha, na wasio na hiki wala kile.

Jioni Bi Pimbi alifagia nyumba yake, akapika wali, akawaita majirani waje kula. Alijipaka mafuta. Alilia sasa, alilia sana, lakini kilikuwa kilio chenye mahali pa kwenda.

"Dada," Athumani alimwambia, "huko nje wanauliza nani akae kwenye kiti."

"Waambie wakiache kitupu kidogo," alisema. "Kipoe kwanza."

Na mimi nawaambia hivi, wanangu: anayedai kiti kwa jina la maiti, mwambieni kwanza awaonyeshe kaburi.